Sanda Iliyotoka Redioni

Nilipokuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kupitia viti vya wanawake, sifa yangu kubwa ilikuwa mdomo. Wenzangu walimngoja mwenyekiti amalize sentensi. Mimi nilikuwa nimeshamjibu. Kijiji chetu kiko ndani kidogo ya barabara kuu, upande wa Mchukwi, na riziki yetu ni korosho, ufuta na mpunga kidogo bondeni. Vikao vyetu vya kawaida vilikuwa vya mipaka ya mashamba na ng'ombe walioingia kwenye mihogo ya watu. Kamari hatukuwahi kuijadili mpaka ulipofika msimu mmoja wa ufuta.

Malipo ya ufuta siku hizi huingia kwa simu. Ujumbe ukishafika, mtu hana haja ya kwenda mjini Kibiti kupanga foleni, na hilo sote tulilishangilia. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo ya kubetia. Kijana mmoja alilipwa akiwa amekaa kijiweni, na kabla hajafika nyumbani kwake alikuwa hana kitu. Mkewe alifunga virago kurudi kwao Mohoro. Kabla hajaondoka alipitia ofisini kwetu, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mume wangu mlikuwa mnamuona kila siku," alisema. "Nyie ni serikali gani?"

Hakutukana, hakulia, akaenda zake barabarani kungoja gari. Mwenyekiti akaitisha mkutano mkuu wa kijiji.

Tulikutana kwenye ghala la korosho, ambalo miezi ile huwa tupu. Diwani alikuja na shati lililopigwa pasi, akatueleza kwamba kampuni hizi zina leseni, zinalipa kodi, na kodi ndiyo inayojenga zahanati.

"Ipi hiyo?" aliuliza mtu wa nyuma. "Yetu mwaka wa ngapi huu haina bati?"

Watu wakacheka, diwani naye akacheka, maana ni mzoefu. Mtendaji wa kijiji alisimama akatusomea sheria. Mashine za kutumbukiza sarafu zisizo na kibali anaweza kuzikamata. Mtoto hapaswi kucheza. Ila simu ya mtu mzima hawezi kuipekua, na sheria ndogo ya kijiji haiwezi kukataza kilichoruhusiwa na sheria ya nchi. Alisema pole pole, kama mtu anayeomba radhi.

Kisha akasimama msemaji wa vijana wa bodaboda. "Shikamooni wazee wangu. Naomba kuuliza, sisi tumemuibia nani? Hela yangu, simu yangu, bando langu. Mkitaka kufunga, fungeni huko juu zinakotoka leseni. Msije kutukaba sisi huku chini."

Alikuwa na hoja, na ndiyo maana alinichefua. Nikasimama nikauliza sheria isiyoweza kuingia mfukoni mwa mtu ina faida gani, na kama serikali imeshindwa, basi nani anaweza? Nilikuwa na hasira tu, na zilinitosha.

Jibu alilitoa mzee mmoja wa msikitini. Alisema: "Tusome albadiri."

Kwetu albadiri ni kisomo cha kumshitakia Mwenyezi Mungu mkosaji asiyejulikana. Husomwa mtu akiibiwa mbuzi au nazi, na watu wanaamini kabisa kwamba aliyehusika hapati kupona. Utaratibu wake ni kwamba kwanza hutangazwa, ili mhusika apate nafasi ya kujirudi, na mara nyingi siku ya kisomo haifiki, maana mbuzi huonekana asubuhi amefungwa palepale alipoibiwa. Albadiri haihitaji kupekua simu ya mtu. Niliunga mkono kwa sauti ya juu kuliko wote.

Imamu wetu hakupendezwa. Alisema albadiri si fimbo ya kuchapia watoto. Walipomshikilia sana akakubali, kwa sharti moja: isibague. Kamari ni kamari, yeyote aliyecheza ameingia humo, na alichokipata kwa kamari hakimfai. Tukanyoosha mikono. Kesho yake ikatangazwa kwenye spika ya msikiti, pamoja na sharti hilo, kwamba tutasoma Ijumaa inayofuata.

Niseme ukweli, ile wiki ilinipa raha. Mashine ya sarafu iliyokuwa kwa kinyozi ilitoweka kabla ya adhuhuri. Vijana walifuta mambo yao kwenye simu huku wakichekana, kila mmoja akidai yeye haogopi, anafuta ili kuokoa bando. Yule msemaji wa bodaboda nilimkuta amekaa kwenye pikipiki yake, anatazama barabara, hajui mikono aiweke wapi. Nikajiona nimeiongoza nchi.

Nyumbani, mama yangu akaacha kula.

Ninaishi na mama. Ni mtu wa kuamka alfajiri, kusali, kuwasha redio na kukaa ukumbini kusuka ukili, zile shupatu ndefu za ukindu zinazoshonwa kuwa mkeka. Mikono yake haisimami. Siku zile nilimkuta ukili uko mapajani na mikono imetulia. Nikadhani homa, nikamwambia ajiandae nimpeleke hospitali Mchukwi.

"Mie siumwi," alisema. Kisha akauliza, "Mwanangu, ile ya redioni, ya kutuma neno, nayo ni kamari?"

Sikumwelewa mara moja. Mama alisoma elimu ya watu wazima na herufi anazijua zote. Kumbe kila redio iliposema tuma neno fulani kwenda namba fulani ujishindie, yeye alikuwa anatuma. Mimi nilikuwa nagombana na watu wa mtandao kwamba wanakula vocha ya mama yangu. Alidhani ni zawadi, redio inawagawia wasikilizaji wake.

Na aliwahi kupata. Nilikumbuka siku ile: alipigiwa simu, tukapiga vigelegele, majirani wakaja. Zile fedha hakuzila. Alinunua sanda. Kitambaa cheupe, pamba, ubani na marashi, akavikunja kwenye kanga na kuviweka kwenye sanduku lake chini ya kitanda. Wanawake wa rika lake walikuja kuitazama, wakaishika, wakamsifu. Mama alikuwa na sababu. Baba yangu alifariki hatuna kitu ndani, akazikwa kwa sanda iliyotolewa kwenye sanduku la jirani. Jirani hakusema neno, wala hakutaka kulipwa, lakini mama kila alipomuona yule bibi aliinamisha macho, mpaka yule bibi naye akafariki. Mama aliapa kwamba yeye atalala kwenye kitambaa chake mwenyewe.

"Mama, hiyo si kamari," nilimwambia. "Hiyo ni promosheni. Ina leseni."

"Na ya vijana haina?"

Nilikuwa nimetoa maneno ya diwani, na wala sikuwa na shati la pasi.

Nilikwenda kwa mtendaji. Akafungua vitabu vyake akaniambia kisheria ile ni bahati nasibu, na bahati nasibu na kubeti vimo kwenye sheria moja. Nikaenda kwa imamu, nikamuuliza kuhusu mtu mzima ambaye hakujua. Hakuniuliza ni nani.

"Asiyejua hana dhambi," alisema. "Sasa amejua, aache."

"Na kitu alichokinunua?"

"Akitoe. Kisimnufaishe."

Sikumpelekea mama jibu hilo. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia kisomo kisimame. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana mimi ndiye niliyepiga kelele kukitaka. Mwenyekiti akafunga mlango.

"Mjumbe, afadhali umesema wewe," aliniambia. "Mimi mwenyewe zile za redio natuma. Na mke wa diwani. Tumeulizana juzi, hatulali."

Ukaitishwa mkutano wa pili, haraka kuliko mkutano wowote niliowahi kuuona katika kijiji chetu. Ajenda ilikuwa kurekebisha azimio. Diwani alipendekeza tuseme kamari ya mpira tu. Mwenyekiti akasema, na mashine. Mimi nikasema, tuongeze maneno "kwa makusudi." Nilisimama mbele ya watu wazima nikalitetea neno hilo kwa jasho, maana nilikuwa natafuta mlango wa kumpitisha mama yangu.

Yule kijana wa bodaboda akaruka juu. "Aa, wapi! Yenu promosheni, yetu kamari?"

Ghala likachafuka. Kila mtu alikuwa na tafsiri yake, na kila tafsiri ilimwacha mwenye nayo salama. Imamu alivuta tasbihi yake.

Mama aliingia wakati huo. Sikujua kama anakuja. Alivaa baibui lake la Ijumaa, ameshika fimbo mkono mmoja na furushi mkono wa pili, na watu wakampisha, maana ni mkubwa wao. Alitoa salamu, akaliweka furushi kwenye meza ya mwenyekiti, akalifungua ili kila mtu aone. Harufu ya ubani ikajaa ghala.

"Mie nimecheza," alisema. "Sikujua, lakini nimecheza, na nimepata hii. Nimeitoa. Nyie someni."

Akageuka akaenda zake.

Wote tuliokuwa pale tulikuwa na simu mfukoni, na hakuna aliyeitoa. Mwishowe imamu alisimama akasema hatasoma albadiri, si Ijumaa ile wala nyingine, akatoka. Diwani akasema suala lipelekwe wilayani kwa maelekezo. Likapelekwa. Maelekezo hayajarudi.

Ile sanda ilizua taabu. Mtendaji alisema hana utaratibu wa kupokea sanda. Kuirudisha kwa mama haikuwezekana, kumpa mtu mwingine hakuna aliyethubutu, na dukani hawapokei. Mwisho mtendaji aliifunga vizuri kwenye kanga yake, akaiweka rafu ya chini ya kabati la ofisi, akatia kufuli. Ukienda kugongewa muhuri, unaisikia harufu yake.

Vijana walirudi kubeti kabla mwezi haujaisha. Mashine ya kinyozi ilirudi ikiwa imepakwa rangi mpya. Katika kijiji chetu sheria ya kamari imetekelezwa kwa mtu mmoja tu, naye ni mama yangu, na aliitekeleza mwenyewe. Jambo hilo linaniuma, na nililisema kila kikao mpaka muda wangu ulipokwisha.

Nilitaka kumnunulia sanda nyingine. Alikataa. Anasuka mikeka, anauza, anaweka akiba ya sanda ya jasho lake, na redio ikifika kwenye lile tangazo huweka ukili chini na kuizima kwa mkono wake. Macho yake yamepungua nguvu. Mkeka wa mwisho wa kutimiza bei anausuka kwa kupapasa, anafumua, anaanza tena.

Masika haya homa ilimshika kweli. Kijana wa bodaboda, yule yule, alitubeba hadi Mchukwi, mama akiwa katikati yetu. Aliendesha taratibu na malipo hakutaka. Njiani nilihisi mama anajitahidi kusema kitu, nikainamisha sikio begani kwake.

"Nikifa kabla ya ule mkeka kwisha," aliniambia, "nizikeni na kanga zangu. Kabati lile msilifungue."