Hodi Tatu Bila Jibu

Kila asubuhi, kabla hajavua kanga ya mabegani, Domina Kasiani huandika neno moja kwenye kompyuta ya ofisi ya mabasi pale Kilosa: hodi. Mikumi ikijibu karibu, ndipo anafungua dirisha la tiketi. Kompyuta zenyewe huulizana hivyo siku nzima bila msaada wake, lakini yeye hupenda kuanza kwa kuliona jibu kwa macho yake.

Babu yake alikuja Kilosa kukata mkonge, baba yake alitengeneza simu za reli. Domina alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi nyumbani Mabwerebwere, huko huko Kilosa, wakati kila mwenye pesa ananunua basi na abiria wanagombaniwa. Mzee Hussein, ambaye mabasi yake huenda Iringa kwa kupitia Mikumi, alikuwa amenunua kompyuta mbili zinazoongea kwa redio, moja Kilosa na moja Mikumi. Kila moja ilitunza nakala ya siti zote, ili moja ikizimika nyingine iendelee kuuza.

Fundi aliyezifunga alizifundisha hivi: piga hodi mara tatu, usipojibiwa, mwenzako amekufa, gari lote ni lako. Karibu na Idi redio ikakatika. Hakuna kompyuta iliyokufa, ila kila moja iliamini imebaki peke yake, na zote mbili zikauza gari lile lile. Abiria wa Mikumi walipanda wakakuta siti zao zimekaliwa. Shangazi wa bwana harusi mmoja alifika Iringa amekalia ndoo.

Mzee Hussein akataka kurudia daftari la tiketi. Domina akamwendea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kuzitetea, umechelewa."

"Ukipiga hodi kwa jirani mara tatu, kimya, unafanyaje?"

"Naondoka."

"Huirithi nyumba?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya, zirekebishe. Lakini zikiniaibisha tena naziuza, na wewe utakaanga vitumbua."

Domina aliweka kompyuta ya tatu, kuukuu, katika duka la Raheli huko Masanze, katikati ya njia. Hiyo haikuuza tiketi, ilikuwa shahidi. Sheria ikawa moja: wawili wanaosikilizana wanauza, aliyebaki peke yake ananyamaza, hata kama yeye ni mzima kabisa.

Wiki ya Krismasi upepo uliangusha mnara wa redio wa Kilosa. Mstari wa abiria ulikuwa umefika barabarani. Kompyuta ya Domina ilipiga hodi Mikumi, ikapiga hodi Masanze, kisha ikafunga mauzo.

"Imesusa," alisema Ditram, kondakta. "Daftari halijawahi kususa."

"Daftari halina mdomo pia, Ditram. Ungeiga."

Watu wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa mabasi ya jirani. Mzee Hussein akaingia akipangusa jasho.

"Ilazimishe iuze."

"Inawezekana, Mzee. Lakini silazimishi."

"Gari ni la nani?"

"Lako, Mzee. Ila huenda Mikumi wanaziuza siti hizo hizo sasa hivi."

Mzee alitazama mstari ukipungua. Domina aliweka mikono magotini, mbali na kompyuta.

Mafundi waliusimamisha mnara adhuhuri. Hata hapo kompyuta haikukurupuka kuuza. Kwanza iliuliza yaliyopita ilipokuwa haipo, ikanakili siti zote zilizouzwa na Mikumi, ambayo muda wote ilikuwa ikisikilizana na shahidi wa Masanze. Ndipo ikafungua.

"Anayefuata," akasema Domina.

Mzee Hussein alipanda gari lile mwenyewe. Walipofika Mikumi, Ditram alikagua tiketi kutoka mbele mpaka nyuma kama mtu anayetafuta ugomvi, akaukosa. Kila mtu alikaa kwenye siti yake, na ndoo zote zilikuwa kwenye buti. Mzee alirudi Kilosa na kreti ya soda kwa ofisi nzima, akamwambia Domina aandae kompyuta nyingine, ya Iringa.

Nami nilisafiri kwa gari hilo siku hiyo, karibu na dirisha, kama tiketi ilivyosema. Niliporudi nilimwuliza Domina swali moja tu: alijuaje kwamba Mikumi bado wanauza?

"Sikujua," alisema. "Ndiyo maana sikuuza."