Siku Niliyoshangilia Hisa Mbele ya Baba Mkwe

Aibu hii nimewaficha hata ndugu zangu, lakini leo tuko wenyewe, wacha niseme, mcheke mshibe.

Mimi hutengeneza kompyuta hapa Kisumu, na nina hisa chache nilizonunua kwa simu, za kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza prosesa, ile kitu inayofanya kompyuta ifikirie. Sasa mchumba wangu Akinyi akanipeleka kwao Bondo mara ya kwanza nimuone babake, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, na kabla sijakaa vizuri Mzee akauliza kazi yangu, nikamwambia, akachangamka, kumbe naye ana hisa za prosesa, lakini za ile kampuni kongwe inayoshindana na yangu.

"Na wewe uko na gani?"

Jamani, ukweli ungenigharimu nini? Nikajibu, "Hiyo hiyo yako, Mzee." (Akinyi, anayejua kila kitu changu, akaangalia dari.) Mzee akanishika mkono, hakuuachilia, akasema wote humshauri auze kwa sababu kampuni yake imepitwa, na leo hatimaye amepata mwenzake.

Saa kumi na nusu soko la Amerika likafunguka, chakula nacho kikafika. Shangazi yake Akinyi akasimama kuomba, na yule mama haombi haraka, alikuwa ndio amemaliza kuwaombea wagonjwa akaingia kwa wajane wakati simu yangu ilipotetemeka. Nikafungua jicho moja. Kampuni yangu ilikuwa imenyang'anya ile nyingine wateja wakubwa, yangu inapaa, ya Mzee inaporomoka, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukapiga kelele: "Ndiyo! Wamekwisha!"

Shangazi akakatiza maombi.

"Ni akina nani wamekwisha?" Mzee akauliza.

Nikajaribu kuficha simu, ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye mchuzi wa samaki, ukanirukia suruali nzima. Akinyi akaitoa, akaipangusa na leso, bado inawaka, na Mzee akavaa miwani akasoma yote, polepole, kama anasahihisha mtihani.

"Kumbe uko upande ule."

"Niko, Baba. Nilidanganya. Nilitaka unipende."

Akavua miwani. "Mama Akinyi alikuwa anafundisha kompyuta. Mashine zake zote shuleni zilikuwa na prosesa ya hii kampuni. Hizi hisa alinunua yeye, akiwa tayari mgonjwa. Hesabu naijua, kijana. Lakini nikiuza, nimeuza kitu yake ya mwisho."

Machozi yalinitoka pale pale, suruali imejaa mchuzi. Mzee akanisogezea sahani. "Kula. Mdomo wako hauwezi kuweka uongo hata saa moja. Mtu kama huyo naweza kumpa mtoto wangu."

Tangu siku hiyo niliapa sitamdanganya mtu tena ili anipende. Asubuhi ya harusi yetu Mzee akaniuliza suti yake mpya inamkaaje, watu wote wamesimama hapo wakingoja nimsifu. Nikamwambia, "Baba, mikono ya koti ni mirefu."

Akanyoosha mikono yote miwili, nikamkunjia.