Michubuko ya Zaina

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, katikati ya miaka ya tisini, tulipoishi ndani ya kuta zilizokuwa gereza. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo mkubwa kuliko ndoo. Mdogo wangu Zaina, wa miaka miwili, alichemka kwa homa wiki tatu mfululizo, tumbo likamvimba kama ngoma, mwili ukajaa michubuko. Sisi tuliotoka vitani Kongo tulijua chanzo kimoja tu cha michubuko: mkono wa mtu.

Asubuhi moja bombani, jirani yetu mshonaji alimfunua Zaina mgongo.

"Mama Zaina, huyu mutoto unamupigaka na nini?"

"Mi sikumugusa, dada."

Ndoo ya kwanza ilimpata Mama mdomoni. Wanawake mia tano wakamwangukia, ingawa Mama husema walikuwa sita. Meno yake mawili yalidondoka kwenye matope. Nami niliung'ata mguu wa mshonaji hadi kilio chake kikasikika Zambia. Zaina, aliyeanguka katika purukushani ile, akaanza kutoka damu puani, na haikukoma. Hapo ndipo mikono iliposhuka.

Lori la unga lilitubeba hadi hospitali Lilongwe. Watu wanne walimkandamiza Zaina, daktari akamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kuvuta uboho. Alitazama kwenye hadubini muda mrefu, kisha akasema, kupitia muuguzi aliyejua Kiswahili, kwamba askari wa mwili wa mtoto wameasi: wanazila chembe za damu walizowekwa kuzilinda, ndiyo maana damu haigandi.

"Kuna mtoto mwingine aliyekufa hivi?" akawauliza wazazi wangu.

Baba akatikisa kichwa. Kwetu jina la mtoto aliyekufa halikutajwa, lisije likamwita aliye hai.

"Ramazani," nikasema. "Kule Kindu. Naye alikuwa na michubuko."

Kofi la Baba lilinifika kabla sijafunga mdomo. Daktari akamdaka mkono.

"Huyu amenipa jibu. Ni ugonjwa adimu. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili."

Baba akakaa sakafuni. Miaka yote ile ndugu zake walisema Mama ndiye aliyemroga Ramazani, naye Baba hakuwahi kuwakanusha.

Dawa zilimpa Zaina miezi mitano, akajifunza kunitukana vizuri kabisa. Sanda yake aliileta mshonaji, akaketi na Mama kutwa nzima.

Leo tunaishi Area 47, mtaa wa Lilongwe, na Mama ana meno ya bandia yanayochomoka akicheka. Nikimpeleka mwanangu kliniki, huulizwa kama kuna watoto waliofariki katika ukoo. Mama hukohoa ili ninyamaze. Mimi huyataja majina yote mawili, kwa sauti ya bombani: Ramazani, Zaina.