Kufuli ya Kiwanda

Mjukuu wangu wa kike, anayeniita Koko kwa kuwa mimi ni nyanya yake, anatengeneza telefone pale Mulongwe, kando ya ziwa, na minye sikumaliza hata shule ya msingi. Nikifika sokoni ninamsifu, siwezi kunyamaza. Telefone iliyozeeka, yeye anaiwekea mfumo mwingine, inaamka.

Mjane mmoja wa Lubarika, ninayeuza naye muhogo, alinipa telefone ya marehemu mume wake. Ndani kulikuwa na sauti za bwana huyo akiongea Kifuliiru, akiwaita watoto wake, akicheka. Telefone ilishazeeka, ikakataa kuzitoa. Mjane alitaka watu wazisikie siku ya kumaliza matanga. Nikamwambia mbele ya wamama wote kwamba mjukuu wangu hashindwi.

Mjukuu akaigeuza mkononi, akakataa. Akanieleza kwamba waliotengeneza telefone hiyo hawataki mwenyewe aguse mfumo wao, wameweka kufuli. Ukiifungua kwa nguvu, telefone inafuta kila kitu kilichomo. Akanisomea onyo lao kwenye ekrani ya telefone, neno kwa neno.

“Koko, uende umuulize kama sauti ziko pia pahali pengine. Kama haziko, siigusi.”

Nikaenda sokoni. Wamama wakaanza kunitania, eti kumbe fundi wetu ameshindwa. Mbele ya mjane nikauliza bei ya mawese tu, nikarudi.

“Anasema ufungue.”

“Amesema mwenyewe?”

“Weye unaniona minye muongo?”

Akafungua. Telefone ikawaka safi, ikatukaribisha kama inatoka dukani sasa hivi. Ndani hamna muntu.

Mjane alipokuja kuichukua, akauliza sauti ziko wapi. Mjukuu akanigeukia. Nikaangalia ziwa. Basi yeye akaelewa, akapiga magoti, akaomba msamaha peke yake, hakunitaja.

Mjane alilia, halafu akamwinua. “Mwanangu, si weye. Ni hao wa kiwanda. Telefone tulinunua sisi, kufuli inabaki yao?”

Siku ya matanga watu hawakusikia sauti yoyote ya marehemu. Waliwatukana watu wa kiwanda, na minye nikawatukana kuwapita wote. Mjane akanipa kipande kikubwa cha nyama. Nikakila.

Hata leo ninasema ile kufuli ni ubaya. Lakini ile kufuli ilionya, na minye ndiye niliyedanganya.

Mjukuu angali ananiheshimu, ananiletea samaki wa ndagala, ananiuliza kama magoti yanauma. Ila nikimpelekea telefone ya muntu, hanyooshi mkono kuipokea.

“Mwenyewe aje, Koko.”