Kivinjari cha Kijivu

Mwaka 1985, nikiwa na miaka ishirini na saba, maksai wetu wawili wa kulimia walikufa ndani ya wiki moja kule Isansa. Shule niliiachia darasa la nne. Nikaja Tunduma kubeba magunia. Sitaki huruma, nataka tu ujue ni nani aliyechekwa mwaka 2012 ndani ya duka lake mwenyewe.

Duka lilikuwa la intaneti, nililolifungua kwa akiba ya magunia. Flashi za wateja zilijaza virusi kompyuta zote, nikazifuta na kuweka Linux, mfumo ambao mtaani kwetu hakuna aliyeujua. Kikabaki kivinjari, programu ya kufungulia kurasa. Mwenyewe nilishaweka viwili, lakini wateja walitaka mtaalamu. Nikamwita kijana mmoja mwenye shahada na viatu vyenye ncha. Akaweka cha tatu, kinachong'aa.

"Mzee, hiki ndicho wanachotumia Dar."

"Dar wana mtandao wa Dar. Umekijaribu kwa modemu yangu?"

Akacheka. "Kivinjari si ng'ombe, mzee!"

Mjinga kabisa. Baba yangu hakununua maksai kabla ya kumfunga nira na kumpitisha kwenye tope.

Kwenye benchi alikaa mama mjane kutoka Ileje na binti yake. Fomu ya chuo cha uuguzi ilikuwa inafungwa saa kumi jioni ile ile. Yule msomi akaifungua kwa kivinjari chake. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Subirini, inafikiria."

"Baba, inafikiria tangu saa saba," mama akasema. "Na sisi tufikirie nini?"

Saa tisa nikamwambia msomi aondoke kitini. Nikaipitisha fomu ile ile kwenye vivinjari vyangu. Cha kwanza kikajifunga chenyewe katikati. Cha pili, kibaya, cha kijivu kama gunia, kikaacha picha zote, kikaleta fomu nzima.

"Hicho cha makumbusho," msomi akanong'ona.

Binti akajaza kwa kidole kimoja. Saa kumi kasoro dakika nane ikatokea namba ya kuonyesha fomu imepokelewa. Mama akaisoma kwa sauti, mara mbili.

"Bahati tu hiyo," akasema msomi.

"Basi beba elimu yako, uniachie bahati."

Nikakifuta kile kinachong'aa siku hiyo hiyo.

Leo nina nyumba mbili Tunduma, shamba la kahawa Isansa, maksai wanne, kompyuta saba, na kile kivinjari cha kijivu. Shahada sina.