Uso wa Petronilla

Sulaiti, mpiga picha wa Burumba, alikuwa amepiga picha za marehemu wengi na hakuna hata mmoja aliyemtia kinyaa. Waliomtia kinyaa ni walio hai. Mwaka wa sitini na sita, kule Bukhayo, alikutana na bingwa wao.

Mama Petronilla alikuwa amelazwa sebuleni, katika nyumba ya udongo yenye kidirisha kimoja. Nje mvua ilikuwa ikimwagika, hivyo hakuweza kutolewa uani, na mazishi yalikuwa jioni ile ile. Maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha. Nabwire, bintiye aliyemuuguza mpaka mwisho, ndiye aliyekwenda mjini kumwita Sulaiti.

"Mimi nataka sura ya mama tu," alimwambia. "Nisije nikaisahau."

Katika filamu ya kamera ilibaki nafasi ya picha moja tu.

Ndipo akaingia Methuselah, kaka yake Nabwire. Alikuwa na duka Tororo, ng'ambo ya mpaka, pua na mdomo na hapo, lakini mama alipougua hakuvuka hata kuleta robo ya sukari. Leo kavaa suti na shati jeupe pe, nywele zinanuka mafuta, anachokonoa meno. Akavuta kiti, akamshika marehemu mkono.

Alitoa kipima mwanga, akakisogeza karibu na uso wa mama. Mshale ukatikisika kidogo tu; mwanga ulikuwa haba.

"Wewe fundi, pima hapa kwa shati," Methuselah akasema. "Si unaona venye inang'aa?"

"Nikipima shati, mzee, shati itatoka safi na mama atatoka giza tupu."

"Haidhuru. Watu wa Tororo wanataka kuona mimi nilikuwa na yeye."

Sulaiti alimeza mate machungu, akashika kipimo cha uso. Tena akakizidisha, maana filamu ikikodolea giza kwa muda mrefu huchoka, na mwanga wa mwisho haiupokei kama wa kwanza. Ikawa lenzi ikae wazi dakika mbili nzima.

"Mzee, usitikisike mpaka niseme," alionya, akafungua lenzi.

Methuselah alitulia kidogo. Mara akapunga nzi, mara akajikuna shingo. Kisha mtu akaita kutoka jikoni kwamba nyama inapakuliwa, naye akauachia ule mkono, akainuka na kwenda zake. Sulaiti alitamani kutema mate. Lakini angefunga lenzi wakati ule, uso wa mama ungepotea gizani. Akaiacha wazi mpaka muda ukatimia, Nabwire akiwa amesimama mlangoni akitazama.

Wiki iliyofuata ndugu wote wawili walifika studio. Uso wa mama ulikuwa umetoka wote, hadi mikunjo ya pembeni mwa mdomo. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu, na juu ya kiti ukungu mweupe wa shati, bila kichwa.

Methuselah akafura. "Sasa mimi niko wapi? Rudia hii kazi."

Sulaiti hakuweza hata kumtazama. Nabwire aliifunga picha ndani ya leso yake polepole.

"Amepiga vile ulikaa na mama," akasema.