Daktari wa Uongo na Mtafsiri Wake

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya kutafsiri filamu niliianza kwa uongo wa neno moja. Meneja wa banda la video mjini Singida aliniuliza, "Kihindi unakijua?" Nikajibu, "Ndiyo." Nilikuwa nimepunguzwa kazi stesheni ya reli ya Itigi pamoja na wenzangu wengi. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anafungua biashara yake, nami nilikuwa nimeapa sirudi kwa mama mikono mitupu.

Vijana, niwaeleze kazi ilivyokuwa. Asubuhi unafungua deki, ile mashine ya kuchezea kanda, unasafisha vichwa vyake kwa pamba na spiriti, maana vumbi la Singida halina adabu. Watu wakishaketi, unapunguza sauti ya televisheni, unashika maiki na kusema sehemu za wote: baba, bibi harusi, hata mbwa. Meneja alikuwa na sheria moja. "Usinyamaze. Ukinyamaza watajua hujui." Sikunyamaza. Nilitazama nyuso, nikatunga. Nilipelekwa Sekenke kwa wachimba dhahabu, nikarudishwa mjini, na kote huko waliniita Profesa.

Kanda iliyonipa jina ilikuwa ya mapenzi na vichekesho. Kijana fukara anamdanganya binti kwamba yeye ni daktari. Ndugu wa binti wanaanza kumletea wagonjwa, naye anawapima kwa kijiko. Mwishoni binti anagundua. Kijana anasimama mbele yake, anaongea kwa kirefu, binti anamzaba kofi, kisha anacheka. Maneno yale marefu sikuyajua, kwa hiyo nilimfanya kijana kuwa askari wa siri anayewinda majambazi. Banda zima lilikuwa likishangilia.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa na onyesho la akina mama. Hapo ndipo alipoanza kuja Zuhura, fundi cherehani wa Mandewa, aliyekulia kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi ambako mama yake alikuwa mpishi. Nilimpenda tangu Jumamosi ya kwanza. Ya tatu alinisubiri nje, akaniambia kitu kwa Kihindi. Nikatabasamu. "Ndiyo, ndiyo kabisa."

"Kaka, nimekuuliza mama yako anaitwa nani."

Nilitafuta pa kuficha uso, sikupaona.

"Na yule kijana si askari," aliendelea. "Anasema: sina hospitali, hata koti hili ni la kuazima. Nilidanganya kwa sababu niliogopa ukiniona nilivyo utaondoka. Sasa niangalie, kisha uamue. Maneno mazuri hivyo, wewe unampa bastola!"

"Nifundishe, dada."

"Kwanza uyaseme hayo mbele ya watu. Ukiweza, njoo nyumbani. Ukishindwa, usinisalimie tena."

Meneja aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. "Unataka ukweli kwenye filamu? Waigizaji wenyewe wanaigiza!" Nikamwambia nimeshaamua. Akaacha kucheka. "Basi kayaseme Ilongero, siku ya mnada. Watu wakiondoka wote, ukirudi unikabidhi maiki."

Tulionyesha ndani ya ghala la alizeti, madirisha yamezibwa kwa magunia, wafugaji wamejaa. Zuhura alikuja, akakaa nyuma kabisa. Ilipofika sehemu ile niliyasema yote, neno kwa neno. Mzee mmoja, aliyekwisha kuiona filamu hiyo mjini, akainua fimbo.

"Na yule askari yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Hakuwepo. Nilimtunga mimi. Kihindi sikijui."

"Marahaba. Kwa hiyo siku zote ulikuwa unatudanganya?"

"Ndiyo, mzee."

Vijana wakapiga miluzi, na wengine wakaondoka. Mzee akashusha fimbo. "Rudisha nyuma," akasema. "Tumsikie tena huyo wa koti la kuazima."

Nikarudisha. Waliobaki walitazama mpaka mwisho, na maiki ikabaki kwangu. Juma lililofuata nilikwenda Mandewa, na mwaka haukuisha tukaoana. Zuhura alinifundisha alichojua, kingine nilikipata kwa muuza vitambaa mmoja mjini. Kanda yenyewe ililiwa na deki kabla sijajua Kihindi cha kuitosha. Nilifanya kazi hiyo mpaka mabanda yalipofungwa, na nisipoelewa nilisema, "Hapa sijaelewa, ndugu zangu, tuendelee." Watu walizoea.

Nimestaafu sasa. Mwaka jana binti yetu alitupatia filamu ile kwenye simu, tukaitazama pamoja sebuleni. Safari hii nilielewa kila neno. Kijana anaomba radhi mara moja tu, kisha anasifia macho ya binti mpaka anapigwa kofi. Koti halitajwi. Nikamgeukia Zuhura.

"Kihindi changu kilikuwa cha jikoni," akasema, huku akiendelea kuchambua mchele. "Lete maji, weka chumvi, jina lako nani. Hayo mengine nilikutungia. Nilitaka kuona kama unaweza kuyasema."

Nilinuna siku mbili. Mimi niliyeaibika mbele ya mnada mzima kwa maneno yasiyokuwepo! Lakini kila nilipoyakumbuka niliona kwamba hakuna hata moja lililokuwa la uongo kwangu: niliogopa ataniona nilivyo, akaniona, akabaki. Siku ya tatu nikamwambia nimemsamehe.

Akaniambia yeye hajaomba.